Hadaa ya Kujuana

Iko kauli moja iliyoenea siku hizi magazetini, redioni na mabarazani, nayo yasema kwamba ule utengano wa kale baina ya Mashariki na Magharibi umekwisha, na ya kuwa waliouondoa hawakuwa mabalozi wala wanazuoni: umeondolewa na simu ya mkononi. Kauli hii husemwa kwa furaha na watu wema, na kwa sababu husemwa kwa furaha na watu wema, aghalabu hakuna aulizaye ina msingi gani. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya kuuliza.

Insafu yataka niieleze kwanza kama wenyewe waielezavyo, pasipo kuipunguzia nguvu. Wasema kwamba kwa karne nyingi Mchina na Mzungu walijuana kwa vinywa vya wafanyabiashara, wamisionari na askari, yaani kwa vinywa vya watu wenye maslahi yao. Ilhali leo kijana wa Ohio na kijana wa Chengdu hawana haja ya mtu wa kati. Ushahidi wao mkubwa ni mambo ya Januari 2025. Sheria ya Marekani iliyotiwa sahihi Aprili 2024, yenye kuitaka kampuni ya Kichina ya ByteDance iiuze TikTok au iondoke, ilikuwa imekaribia kushika; na watumiaji wa Kimarekani, badala ya kukimbilia programu za kwao, walihamia makundi kwa makundi katika Xiaohongshu, programu ya Shanghai iliyoanzishwa mwaka 2013 na ambayo jina lake maana yake ni Kitabu Kidogo Chekundu, hata ikashika nafasi ya kwanza kwa kupakuliwa katika duka la Apple nchini Marekani. Wakajiita wakimbizi wa TikTok. Wenyeji hawakuwafukuza, waliwatoza ushuru, na ushuru wenyewe ulikuwa picha ya paka. Wageni wakaulipa bila ya kunung'unika: paka wa masikio makubwa, paka waliolala juu ya kompyuta, paka wenye kilo zisizosemeka. Wanafunzi wa Kichina wakaleta mazoezi yao ya Kiingereza wasaidiwe. Watu wakaulizana bei ya mayai, kodi ya nyumba, na gharama ya kuchukuliwa na gari la wagonjwa. Haikupita wiki, kampuni ikaongeza kitufe cha tarjuma ya mashine. Na Duolingo, programu ya kufundishia lugha, ikatangaza kwamba Wamarekani wapya walioanza kujifunza Kichina wameongezeka kwa asilimia 216 kuliko wakati kama huo wa mwaka uliotangulia.

Kutokana na hayo wakapiga hukumu: watu wakiachwa peke yao hupendana, lugha si kizuizi tena maadamu mashine ipo, na lililosalia ni kuupanua mtandao tu. Sina ugomvi na paka. Nina ugomvi na hukumu.

Kwanza: walikutana nyumbani kwa nani?

Wenye kauli hii hupenda kusema kwamba watu walikutana serikali zikiwa mbali. Tazama basi jinsi mkutano wenyewe ulivyotukia. Serikali ya Marekani, ambayo tangu tuzaliwe imekuwa ikitusomesha sisi sote somo la uhuru wa kusema, ilipitisha sheria ya kufunga programu iliyokuwa na watumiaji wapatao milioni 170 nchini mwake, na tarehe 17 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikaithibitisha sheria hiyo kwa kauli moja. Serikali ya China kwa upande wake, ambayo ilikwisha kuzizuia Facebook, Twitter na YouTube tangu mwaka 2009, Instagram mwaka 2014, na Wikipedia ya kila lugha mwaka 2019, ilikuwa haijakata shauri juu ya wageni hawa walioingia kwa mlango usiokuwa na bawabu, kwa kuwa hakuna aliyedhania kwamba mtu wa nje angetaka kuupita. Mkutano ule ulizaliwa na marufuku mbili, moja iliyowatoa watu kwao na nyingine iliyochelewa kufika. Na mtu ausifuye kuwa ni kazi ya watu wasio na serikali amesahau kutazama ni nani aliyeshika funguo za milango yote miwili.

Hata hiyo TikTok iliyoliliwa kana kwamba ni uwanja wa mataifa, Mchina akaaye Beijing haipati. ByteDance ilimfungulia Douyin mwaka 2016, na mwaka uliofuata ikawafungulia walimwengu wengine TikTok, na nyumba hizo mbili za baba mmoja hazina hata dirisha la kuchunguliana. Wakimbizi, basi, walikuwa wakiomboleza kufungwa kwa baraza ambalo wale waliokwenda kukutana nao hawakupata kukaribishwa ndani yake hata siku moja. Sijui kama kuna aliyewaambia.

Jambo hili lina historia, na historia yake haiwafurahishi wenye matumaini. Septemba 1987, barua-pepe ya kwanza kutoka China ilipotumwa toka Beijing hadi Chuo Kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani ya Magharibi, walioiandika walijitapa kwamba sasa waweza kuuvuka Ukuta Mkuu na kufika kila pembe ya dunia. Leo Wachina wenyewe hutumia usemi wa kuruka ukuta kwa maana ya kutumia hila za kompyuta ili kuzifikia kurasa za nje. Ukuta uliovukwa mwaka 1987 umejengwa upya kwa vyuma vya aina nyingine. Februari 2021 palikuwapo na Clubhouse, programu ya Kimarekani ya mazungumzo ya sauti, ambamo kwa siku chache watu wa China bara, wa Taiwan na wa Hong Kong waliketi pamoja wakazungumza usiku kucha juu ya mambo yasiyotajika, hata ya Xinjiang. Wakati ule pia magazeti ya dunia yaliandika kwamba ukuta umeanguka. Tarehe 8 ya mwezi uo huo programu ikazuiwa, na magazeti yakaandika habari nyingine.

Katika Xiaohongshu haikuwa lazima kuzuia, kwani nyumba ni yao. Chini ya kila maoni yanayoandikwa mle huonekana jina la jimbo au nchi ambako mwandishi yupo, na siku zile zile ambapo Wamarekani walikuwa wakilipa ushuru wa paka, kampuni ilikuwa ikihangaika kutafuta njia na watu wa kukagua maandishi ya Kiingereza. Mwenyeji aliyekuwa akicheka na mgeni sebuleni alikwisha kumtuma mtu nyuma ya nyumba akamtafute askari ajuaye lugha ya mgeni.

Pili: lugha iliyotungwa ili mashine isiielewe

Hapa ndipo penye kiini cha ghalati yote, na hapa nitakaa kitako.

Wasema mashine ya tarjuma imekivunja kizuizi cha lugha. Nauliza: lugha ipi? Kichina cha Mandarini kina silabi zipatazo 400 tu ukiziacha toni, na kwa silabi hizo chache hutamkwa maelfu ya alama za maandishi, kiasi kwamba maneno yenye kufanana sauti na kuhitilafiana maana ni mengi kupita ya lugha nyingi tuzijuazo. Zaidi ya hayo, mtu aandikaye katika simu hubonyeza herufi za Kilatini kwa tahajia ya pinyin, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1958, kisha simu humpangia safu ya alama achague aitakayo. Akibonyeza "shi" humjia alama ya kuwa, ya jambo, ya wakati, ya kumi, ya mji, ya mwalimu, ya simba, na nyingine nyingi nyuma yake. Katika kila sentensi ya kila siku kidole chake hupita juu ya mafumbo ambayo malenga wa lugha nyingine angeyatafuta hadi alfajiri. Watu waliozoea kuandika hivi, ukiwakataza neno moja, hawahangaiki, husogeza kidole.

Ndivyo walivyofanya. Uongozi wa Rais Hu Jintao ulipohimiza jamii ya upatanifu, na maandishi yasiyopendeza yakawa yafutwa kwa jina la upatanifu huo, watumiaji walianza kuandika "kaa wa mtoni", maneno yenye sauti iliyo karibu kuwa sawa, hata kaa yule akawa mnyama wa taifa zima la wenye kufutwa. Mwaka 2018 wanawake wa vyuo vikuu walipofunua madhila waliyotendewa na walimu wao, na kampeni ya #MeToo ikabanwa mtandaoni, waliandika alama ya wali na alama ya sungura, kwa kuwa wali ni "mi" na sungura ni "tu". Wengine wakaweka picha ya bakuli na picha ya masikio marefu, basi. Msichana aliyekuwa akitangaza dhuluma aliyofanyiwa alionekana kana kwamba atangaza chakula cha mchana.

Lakini kisa kilichonidhihirishia nguvu ya jambo hili kuliko vyote ni cha Machi 2020. Gazeti la Renwu lilichapisha mahojiano na daktari Ai Fen, mkuu wa idara ya dharura katika hospitali kuu ya Wuhan, ambaye mwishoni mwa Desemba aliwapelekea wenziwe karatasi ya vipimo vya ugonjwa mpya, akakaripiwa kwa kufanya hivyo. Mahojiano yalifutwa baada ya saa chache. Yakarejeshwa na watu, yakafutwa. Yakarejeshwa kwa pinyin tupu, kisha kwa kuandikwa kinyumenyume, kisha kwa safu za wima kutoka kulia kama vitabu vya kale, kisha kwa vikatuni vya simu, kwa alama za Morse, kwa maandishi ya kale yaliyochongwa juu ya mifupa ya kubashiria zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na hata kwa lugha ya kubuni ya majini wa hadithi za Tolkien. Taifa zima la wasomaji lilishinda kutwa likiyafasiri mahojiano yale kutoka Kichina kwenda kila kisichokuwa Kichina, ili Kichina chake kipate kusalimika. Sidhani kama karne hii imeona kazi kubwa zaidi ya tarjuma. Na kila aliyeishiriki alikuwa akitarjumu kwa nia ya kwamba mashine isielewe.

Sasa mpe mashine hiyo ya tarjuma kazi hii. Mkaazi wa Ohio abonyezapo kitufe mbele ya wali na sungura, huletewa wali na sungura. Mbele ya kaa huletewa kaa. Husoma, hutabasamu, huona kwamba Wachina ni watu wapendao chakula na wanyama, kisha huenda zake akiamini kwamba amezungumza nao. Utanijibu kwamba mashine zinaendelea kuelimika, na kesho zitafahamu. Nami nakubali, bali sioni kwamba jibu hilo lamsaidia mwenye kauli. Siku mashine ya tarjuma itakapofahamu kwamba sungura si sungura, mashine ya ukaguzi nayo itakuwa imekwisha kufahamu, kwani ni ndugu wa tumbo moja, na wakaguzi hawangoji kuuziwa ujuzi huo rejareja. Mwandishi atalazimika kuhamia fumbo jingine kabla ya mgeni kumaliza kulicheka la kwanza. Serikali ya China imekwisha kuliona hilo, na ndiyo sababu Oktoba 2024 idara yake ya mtandao pamoja na Wizara ya Elimu zilianzisha kampeni dhidi ya matumizi yasiyo ya kawaida ya maneno na maandishi mtandaoni, yakiwamo hayo ya kuazima sauti, kwa hoja kwamba yaharibu lugha ya vijana. Idara hizo zimeyasoma maandishi ya Wachina kwa makini kuliko wapenzi wa paka.

Basi yafuatayo yapita katika mashine: maamkizi, bei, mapishi, sifa za paka. Na yafuatayo hayapiti: malalamiko, dhihaka, kinyongo, msiba usiotajika, yaani yale ambayo mtu humwambia mtu amjuaye. Kauli tunayoipinga imeyachukua yale ya kwanza ikayaita moyo wa watu.

Tatu: barua za Li Hua

Katika siku zile lilizuka jambo la kupendeza, na sitaki kulificha kwa kuwa laonekana kuwafaa wapinzani wangu. Yupo mtu aitwaye Li Hua ambaye hakuzaliwa na wala hatakufa. Ni jina la mtahiniwa wa kubuni katika mtihani wa Kiingereza wa kuingilia chuo kikuu. Kwa miaka mingi vijana wa Kichina wameagizwa: jifanye wewe ni Li Hua, mwandikie rafiki yako wa ng'ambo, umwalike katika sikukuu, umweleze juu ya chai. Mamilioni ya barua hizo ziliandikwa, zikatiwa alama na walimu, na hakuna iliyotiwa stempu. Januari 2025 Wamarekani waliposikia habari hizo wakaanza kujibu: Mpendwa Li Hua, niwie radhi nimechelewa. Wapo Wachina waliokiri kwamba walilia. (Sisi tulioandikishwa shuleni barua za namna hiyo kwa marafiki wa kubuni, kwa lugha ambayo si yetu, twafahamu kwa nini.)

Haya, na tulitazame jambo hili mara ya pili machozi yakiwa yamekauka. Barua ziliandikwa kwa Kiingereza. Majibu yaliandikwa kwa Kiingereza. Nchini China Kiingereza kilifanywa somo tangu darasa la tatu mwaka 2001, na kijana aliyekutana na Mmarekani mle Xiaohongshu alikuwa amekwisha kutumia miaka kumi na zaidi akihifadhi maneno, akiadhibiwa kwa tahajia, akiingoja siku ambayo yatamfaa. Mmarekani alikuwa amebonyeza kitufe. Upande mmoja ulileta ujana wake na upande wa pili ukaleta kidole gumba, na tukaambiwa kwamba huku ndiko kubadilishana tamaduni.

Taasisi inayowafundisha mabalozi wa Marekani lugha za kigeni hukadiria kwamba mwanafunzi ajuaye Kiingereza huhitaji saa 2,200 za darasani ili apate kukitumia Kichina kazini. Kiswahili, kwa kadiri yao, huhitaji saa zipatazo 900, jambo ambalo naliandika bila ya kujivuna. Zile asilimia 216 za Duolingo zilihesabu watu walioanza. Hakuna aliyekuja baadaye kutangaza ni wangapi waliofika hata saa ya ishirini. Januari 19 TikTok ilirejea hewani baada ya kuzimwa kwa muda usiofika siku nzima, siku ya pili yake Rais Trump akaahirisha utekelezaji wa sheria kwa siku 75, na wengi wa wakimbizi wakarudi makwao. Li Hua akaachwa na barua moja, ambayo kwa kweli ni nyingi kuliko alizozoea.

Nne: hesabu walizolinganisha

Husemwa pia kwamba walau watu walilinganisha maisha yao na kuugundua uongo waliolishwa. Kulikuwa na kulinganisha, nako Wachina walikupa jina la kukagua daftari za hesabu. Mmarekani alisimulia juu ya bili ya gari la wagonjwa na kazi mbili kwa siku moja. Mchina alionyesha treni ya kasi na soko la mboga. Yaliyoonyeshwa yalikuwa kweli. Lakini watumiaji wa Xiaohongshu, wapatao milioni 300 kwa mwezi, wengi wao ni wanawake vijana wa mijini wenye chochote cha kutumia, na programu yenyewe ilikulia katika kupeana ushauri wa manunuzi, vipodozi na safari. Mkulima mzee wa Gansu hakuwamo barazani. Wala hakuwamo yule mtengeneza programu ambaye mwaka 2019 alijiunga na wenziwe kulalamika, katika mtandao wa GitHub, juu ya kufanya kazi tangu saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku siku sita za juma; au kama alikuwamo, alijua ni hadhira gani iliyo mbele yake na ni jina gani la jimbo lililo chini ya maoni yake. Kila upande uliona kwa mwenzake kile ulichokuwa ukikitafuta ili kuilaumu serikali yake au kuisifu. Mmarekani aliyechoshwa na bima za kwao alikuta pepo ya Mashariki, na babu zake waliochoshwa na mambo mengine waliikuta pepo iyo hiyo karne nzima iliyopita bila ya kuwa na simu.

Tano: gharama isiyoandikwa

Wakati walimwengu wanashangilia kujuana kwa simu, ni nini kilichoendelea kwa watu wenye kujuana kwa miguu? Kabla ya tauni ya korona walikuwako China wanafunzi wa Kimarekani zaidi ya 11,000 kwa mwaka. Katika mwaka 2024 hawakufika 1,000. Rais Xi Jinping alikuwa ametangaza huko San Francisco, Novemba 2023, kwamba China yawakaribisha vijana wa Kimarekani 50,000 kwa miaka mitano, na mwaliko ule ulihitaji viti vingi kuliko vilivyokaliwa. Mpango wa Fulbright wa kubadilishana wasomi, kwa upande wa China na Hong Kong, ulifutwa kwa amri ya Rais Trump Julai 2020. Katika vyuo vya Marekani wanaojifunza lugha ya Kichina walipungua kwa asilimia zipatazo 14 baina ya 2016 na 2021. Taasisi za Confucius za kufundishia Kichina, zilizokuwa huko karibu mia moja, hazikubaki hata tano ilipofika 2023. Na ingawa yapo mengi ya haki yaliyosemwa juu ya taasisi hizo, madarasa yaliyofungwa pamoja nazo hayakufunguliwa yote mahali pengine. Mwezi Mei 2025, miezi minne baada ya paka, serikali ya Marekani ikatangaza kwamba itazifuta kwa ukali viza za wanafunzi wa Kichina, hasa wenye uhusiano na Chama cha Kikomunisti, ilhali wanafunzi hao walikuwa zaidi ya 277,000 katika mwaka wa masomo uliotangulia.

Sidai kwamba simu ndiyo iliyofunga madarasa. Nadai kwamba imewapa wenye kuyafunga udhuru mzuri. Msimamizi wa fedha za chuo, aonyeshwapo darasa la Kichina lenye wanafunzi tisa na mwalimu mmoja wa gharama, ana jibu ambalo mtangulizi wake hakuwa nalo: mashine ipo. Na huo mtandao unaotegemewa kuwa hazina badala ya darasa, wenyewe wamwaga akiba yake. Mei 2024 mwandishi He Jiayan alionyesha kwamba ukitafuta kwa Kichina habari za mwanzo wa karne hii, hata za mtu mashuhuri kama Jack Ma, hupati karibu chochote. Kurasa za miaka ile zimekwisha kutoweka kwa kufungwa, kwa kupuuzwa na kwa kufutwa. Makala yake ilisomwa sana, kisha nayo ikafutwa. Nchi yenye watumiaji wa mtandao zaidi ya bilioni moja yaishi bila ya kumbukumbu za mtandaoni za juzi, na kumbukumbu zilizosalia zimo vichwani mwa watu, ambao ili kuwasikia ni lazima mtu ajue lugha yao.

Katika mwezi ule ule wa Januari 2025 palitokea jambo dogo ambalo halikushangiliwa. Katika chumba cha chini cha nyumba moja ya New York jamaa fulani walikuta taipureta ya ajabu yenye vibonyezo vya Kichina, wasijue ni kitu gani, wakauliza katika Facebook. Ilikuwa ni MingKwai, taipureta ya pekee iliyoundwa mwaka 1947 kwa akili na mali ya Lin Yutang, mzaliwa wa Fujian, aliyesoma Harvard na Leipzig, na ambaye kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1935 kiliwaeleza Wamarekani habari za nchi yake na watu wake. Taipureta ile ilimfilisi, na wataalamu waliidhania kuwa imepotea milele. Waliotambua kilichopatikana walikuwa watu wachache waliokuwa wamekwisha kusoma: wanaojua maandishi yale, wanaoijua historia yake, waliotumia miaka wakifuatilia vyuma vya taipureta. Sasa iko Stanford. Mkaazi wa Beijing aliyetaka kuyafuata mazungumzo hayo tangu mwanzo wake ilimpasa aruke ukuta, kwa kuwa yalikuwa Facebook.

Najua nitaambiwa kwamba kidogo ni bora kuliko kutopata kabisa, na kwamba paka wawili waliojuana ni hatua. Lau wangeambiwa watu kwamba ile ilikuwa hatua, nisingeandika. Waliambiwa kwamba wamefika.

Na sisi wenye Kiswahili tumo katika habari hii kuliko tudhaniavyo. Mwaka 2011 televisheni ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, na watu wakaipenda hata Rais Xi akaitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Kazi ile ilikuwa na muhuri wa serikali toka mwanzo hadi mwisho, sikatai. Lakini mama wakwe wale walichekesha kwa Kiswahili kwa sababu waigizaji wa Afrika Mashariki walikaa studio wakitafuta namna ambavyo mkwe mwenye kinyongo husema kwetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, ya kwanza barani Afrika, na cha Dar es Salaam tangu 2013. Wahitimu wao wapo, wakikalimani katika maeneo ya ujenzi na katika maduka ya Kariakoo, na baadhi yao wamesomea China kwa miaka. Pamoja na hayo, habari za China aghalabu hutufikia ama kwa mkono wa mashirika ya Magharibi, ama kwa Kiswahili cha redio ya Beijing yenyewe.

Basi nawaomba wahariri wa magazeti na redio zetu: kabla ya kuchapisha tena kwamba walimwengu wamejuana, mwajirini mmoja kati ya vijana hao, mpeni meza na mshahara, na mwambieni kazi yake ni kusoma kila siku yaandikwayo na Wachina kwa Wachina, kisha atueleze kwa Kiswahili ni kaa yupi anayezungumzwa.